Kufungua na Kubana Faili kwa Mstari wa Amri: Niliyojifunza Wakati wa Kukabidhi Kumbukumbu za Ramani Dodoma

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi ilipoelezwa. Kampuni ndogo ya upimaji ardhi niliyokuwa nikiitumikia hapa Dodoma ilikuwa imekamilisha ramani za mipaka na mipango ya matumizi ya ardhi kwa vijiji kadhaa vya Kondoa, Chemba na Bahi, na mteja, ambaye ofisi yake iko Dar es Salaam, alitaka akabidhiwe kumbukumbu zote: picha zilizopigwa kwa droni, ramani zilizoskaniwa, majedwali ya majina ya wenye mashamba na mihtasari ya mikutano ya vijiji. Kumbukumbu hizo zilikuwa zimetawanyika katika diski za nje, zimebanwa na watu mbalimbali waliopita katika ofisi ile, kila mmoja kwa programu aliyoizoea. Nilipewa kompyuta yenye Linux, diski mpya moja, na maelekezo ya sentensi moja: fungua vyote, vipange, vibane upya, vifike salama.

Sikuchagua mstari wa amri kwa kutaka kuonekana mtaalamu. Programu za madirisha zilikuwa zikiganda kila nilipogusa kifurushi kikubwa (faili moja iliyobeba faili nyingi), na zilipogoma zilitoa ujumbe wa maneno mawili usiosema kilichoharibika ni kipi. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, husema. Husema kwa lugha kavu, lakini hutaja jina la faili iliyokwama na sababu ya kukwama, na mtu anayeshughulikia kumbukumbu za watu wengine anahitaji hilo kuliko anavyohitaji vitufe vizuri.

Jambo la kwanza lililoniokolea muda lilikuwa kutoamini mkia wa jina la faili. Kulikuwa na kifurushi kilichoandikwa `.zip` ambacho kiligoma kabisa kufunguka kwa `unzip`, na ofisi nzima ilikuwa imeshakihesabu kuwa kimekufa. Amri ya `file`, ambayo husoma baiti za mwanzo za faili badala ya jina lake, ilieleza kuwa kile kilikuwa RAR, aina nyingine ya kifurushi. Mtu fulani alibadilisha jina tu ili kifanane na vingine. Kilifunguka bila tatizo kwa programu yake halisi. Tangu hapo niliipitisha amri hiyo kwenye kila diski kabla ya kugusa kitu.

Jambo la pili ni kuorodhesha kabla ya kufungua. Kila programu ina njia yake:

tar -tzf kondoa.tar.gz | less
unzip -l chemba.zip
unrar l bahi.rar
7z l mihtasari.7z

Orodha hiyo hukuonyesha kama vitu vyote vimo ndani ya folda moja au vitamwagika ovyo mahali uliposimama. Vifurushi vingi vya ofisi ile vilikuwa vya aina ya pili. Dawa yake ni kutengeneza folda tupu kwanza na kuelekeza ufunguaji humo, kwa `-C` upande wa tar na `-d` upande wa unzip. Ni muhimu pia kujua kwamba unzip hukuuliza kabla ya kufunika faili yenye jina lile lile, ilhali tar ya GNU hufunika bila kuuliza, isipokuwa umeiongezea `-k`. Watu waliozoea unzip hudhani ukimya wa tar ni ishara ya heri.

Hasara kubwa kuliko zote niliikuta tayari imeshatokea. Katika diski moja kulikuwa na folda yenye maelfu ya picha za droni, zote zimelala pamoja bila folda ndogo hata moja. Nilimpigia simu mpima ardhi mstaafu aliyeitunza diski hiyo zamani.

“Shikamoo mzee. Hizi picha za Chemba, mbona siyaoni majina ya vijiji?”

“Marahaba mwanangu. Ziko humo humo, nilizifungua zote kwa mkono wangu, halafu nikafuta vile vifurushi maana diski ilikuwa imejaa.”

Alikuwa amesema kweli. Alizifungua kwa herufi `e`. Katika unrar na 7z, `x` hufungua na kuhifadhi mpangilio wa folda kama ulivyokuwa, ilhali `e` huzitoa faili peke yake na kuzitupa zote mahali pamoja. Kwa barua isingekuwa taabu kubwa, kwa kuwa kila barua huwa na jina lake. Droni, hata hivyo, huhesabu upya kila inapoanza folda mpya, hivyo kila kijiji kilikuwa na DJI_0001.JPG yake, DJI_0002.JPG yake, na kuendelea. Programu ilipouliza kama ifunike zilizopo, mzee alijibu ndiyo kwa zote. Picha za kijiji kilichofunguliwa mwisho zilikuwa kamili, na za vijiji vilivyotangulia zilibaki pale tu ambapo namba zao zilizidi za waliofuata. Nilikaa kimya kwa muda na simu sikioni. Hakukuwa na la kumlaumu, kwani hakuna aliyewahi kumweleza tofauti ya herufi hizo mbili, na hasira yangu haingerudisha hata picha moja. Zilizosalimika niliweza kuzigawa upya, kwa sababu picha hizo hubeba ndani yake viwianishi vya GPS vya mahali zilipopigwa, na programu ya exiftool huvisoma. Zilizofunikwa zilikuwa zimekwenda.

Kutokana na hali hiyo nilianza kusoma kwa makini namna vifurushi vyenyewe vilivyojengwa, na hapa ndipo mambo mengi yaliyokuwa yakinisumbua yalipoanza kueleweka. Tar ilikuja na toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka 1979, enzi za kanda za sumaku, na yenyewe haibani chochote: hupanga faili moja baada ya nyingine, kila moja ikitanguliwa na kichwa cha baiti 512 chenye jina, ukubwa, tarehe na ruhusa zake. Kubana ni kazi ya programu nyingine inayofuata, mara nyingi gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly pamoja na Mark Adler. Zip, iliyoanzishwa na Phil Katz mwaka 1989, ina mpango tofauti: kila faili hubanwa peke yake, na mwisho kabisa wa kifurushi huwekwa orodha ya vyote vilivyomo.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Sehemu ya kumbukumbu ilikuwa kwenye seva ya kukodi, na nililazimika kuzishusha kwa bando la simu, kwa kuwa intaneti ya ofisi ilikuwa haijalipiwa. Mtandao ulikatika katikati zaidi ya mara moja, na kila kukatika kulikuwa na bei yake kwa shilingi. Kifurushi cha zip kilichoshuka nusu kilikataa kufunguka kabisa, kwani orodha yake iko mkiani na mkia haukuwa umefika. Kile cha tar.gz kilichoshuka nusu kilitoa faili zote zilizokuwa zimefika, kisha kikalalamika kwamba mwisho umekuja kabla ya wakati. Faili ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa pungufu. Kwa zip iliyokatika bado kuna tumaini:

zip -FF kibovu.zip --out kilichotengenezwa.zip

Amri hiyo hutafuta faili moja moja ndani ya mabaki na kuunda orodha upya, nami niliokoa kiasi kizuri cha ramani kwa njia hiyo. Hata hivyo, uharibifu ukiwa katikati ya kifurushi badala ya mwishoni, mambo hugeuka. Ndani ya zip, baiti iliyooza huharibu faili moja na nyingine hubaki salama. Tar.gz ni kama ushanga uliotungwa kwenye uzi mmoja: uzi ukikatika katikati, punje za upande wa pili hazina cha kuzishika. Diski mojawapo ilikuwa na sekta mbovu, na kifurushi kikubwa cha tar.gz kilichokaa juu ya sekta hizo kilitupa sehemu ya mwanzo tu. Kwa sababu hiyo nilipofika kwenye kubana upya nilimpinga mkurugenzi, aliyetaka kila kitu kiwe katika faili moja kubwa “ili isipotee”. Tulikubaliana kila kijiji kiwe na kifurushi chake.

Kwa wanaopakua faili kubwa kwa bando, ushauri wangu ni kutumia `rsync -P`, au `wget -c`, ambazo huendelea pale zilipoishia badala ya kuanza upya. Na ikiwa unafanya kazi ndani ya seva ya mbali, anzisha kazi ndani ya `tmux`, ili mtandao ukikatika upande wako seva iendelee yenyewe.

Kulikuwa na usumbufu mmoja ambao sijauona umeandikwa popote, labda kwa kuwa waandishi wengi wa miongozo hawaishi Dodoma. Kampuni ilikuwa na folda za viwanja vya mjini pia, na mojawapo iliitwa Chang'ombe. Ukiandika jina hilo kwenye terminali kama lilivyo, alama ya ritifaa huchukuliwa kuwa mwanzo wa maneno ya kunukuu, na terminali hukutolea alama ya `>` na kukaa ikisubiri nukuu ifungwe. Mtu asiyejua hudhani mashine imeganda. Bonyeza Ctrl pamoja na C utoke, kisha weka jina ndani ya alama za nukuu mbili:

tar -czf changombe.tar.gz "Chang'ombe"

Dawa ni hiyo hiyo kwa Ng'hong'honha na kwa majina mengine mengi ya huku, na kwa folda kama Area C yenye nafasi katikati, ambayo bila nukuu husomwa kama vitu viwili. Katika vifurushi vipya niliondoa ritifaa na nafasi kwenye majina ya faili, nikaacha tahajia sahihi ndani ya majedwali, mahali ambapo ndipo inapohitajika kisheria.

Kuhusu nafasi ya diski sina mengi. Tazama `df -h` kabla ya kufungua, na usitegemee `gzip -l` kukuambia ukubwa wa kitu kitakapofunguka ikiwa kinazidi gigabaiti nne, kwa sababu matoleo yaliyotangulia 1.12 la mwaka 2022 hutoa namba isiyo sahihi kwa faili za ukubwa huo. Kumbuka pia kwamba gzip, bzip2 na xz hufuta faili ya asili baada ya kuibana, isipokuwa umeongeza `-k`. Kwa kumbukumbu ambazo hazina nakala nyingine, herufi hiyo moja ni ya lazima.

Upande wa kubana, maswali ya watu huwa ni programu ipi inabana zaidi. Nimeona kuwa swali lenye manufaa ni kitu gani unachobana. Majedwali ya CSV na mihtasari ya maandishi matupu yalisinyaa mno, na ramani za TIFF ambazo hazikuwa zimebanwa zilipungua kwa kiasi cha kuridhisha. Picha za JPEG, ambazo ndizo zilizojaza diski, hazikupungua kwa kiasi cha maana, kwani JPEG ni umbo lililokwisha kubanwa, na PDF nyingi za ramani zilikuwa hivyo hivyo. Kuziacha mashine usiku kucha zikihangaika na picha kwa kiwango cha juu kabisa cha xz ni kuchoma umeme bure. Picha nilizikusanya kwa tar peke yake, bila kubana, na kazi iliyokuwa ikichukua muda mrefu ikawa ya muda wa kunywa chai. Majedwali na ramani nilizibana kwa gzip.

Xz niliijaribu, na ni kweli kwamba hubana vizuri zaidi. Lakini kwa kiwango cha 9 huhitaji RAM ya takriban megabaiti 674 wakati wa kubana, na kompyuta yetu ilikuwa ikipumua kwa shida hata kabla ya hapo. Isitoshe, mtu wa mifumo wa upande wa mteja hakutaka kuisikia, kwa sababu ya mlango wa siri, yaani msimbo wa kuingilia mashine kwa kificho, uliogunduliwa na Andres Freund mwezi Machi 2024 katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1. Nilimweleza kuwa toleo letu lilikuwa la zamani na halikuguswa na jambo hilo. Hakubadili msimamo, nami sikuona sababu ya kugombana. Mwenye mashine yenye viini vingi vya prosesa ajaribu `pigz`, ambayo hutoa gzip ile ile kwa kugawana kazi, au zstd, iliyoanza kutolewa na Facebook mwaka 2016, ambayo ni nyepesi sana. Mimi nilibaki na gzip kwa sababu niliyemwandalia vifurushi angeweza kuvifungua bila kusakinisha chochote: Windows 10 yenyewe imekuja na amri ya tar tangu mwaka 2018.

Ipo mitego miwili ya tar ambayo nilimwonya nayo kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa akinisaidia. Jina la kifurushi lazima lifuate mara moja baada ya herufi `f`. Ukiandika `-cfz`, tar itaunda kifurushi kinachoitwa z. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: ukisahau kutaja jina la kifurushi kipya na kuandika `tar -czf *`, faili ya kwanza ndani ya folda itachukuliwa kuwa ndiyo jina hilo, na itaandikwa juu. Hakuna onyo. Kijana alicheka, kisha akaandika onyo hilo kwenye karatasi na kulibandika chini ya kioo cha kompyuta.

Baada ya kubana, hatukufuta chanzo kabla ya hatua mbili. Ya kwanza ni kulinganisha kifurushi na folda iliyotoka:

tar -dzf kondoa.tar.gz

Ikirudi kimya, vilivyomo ndani vinalingana na vilivyo kwenye diski. Ya pili ni kukifungua kifurushi kwenye mashine nyingine kabisa, na tulitumia kompyuta mpakato ya Windows kama ile ya mteja. Hapo tuligundua mambo ambayo Linux isingetuonyesha kamwe. Folda moja ilikuwa na `Mipaka.csv` na `mipaka.csv`, faili mbili tofauti kwa Linux, lakini moja kwa Windows, hivyo ya pili iliifunika ya kwanza. Nyingine zilikuwa zimezama katika folda ndani ya folda hadi njia yake ikazidi herufi 260, na programu nyingi za Windows hazifiki huko. Tulirekebisha majina na kubana upya. Ilichosha, na kuna jioni ambayo umeme ulikatika kazi ikiwa katikati na kutulazimu kurudia kifurushi kizima, kwa kuwa kilichoandikwa nusu hakifai kuachwa mahali ambapo mtu anaweza kukidhania kuwa kamili. Tangu hapo kila kifurushi kilibanwa kwa jina la muda, na kupewa jina lake halisi baada ya amri kumalizika salama:

tar -czf muda.tar.gz Kondoa && mv muda.tar.gz kondoa.tar.gz

Majedwali yalikuwa na majina ya wananchi na mashamba yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuturuhusu kuyapeleka wazi. Wenzangu walipendekeza nenosiri la zip. Nililikataa, kwa kuwa usimbaji wa zamani unaotumiwa na amri ya zip ni dhaifu, na hata ukiuweka, majina ya faili hubaki yakisomeka kwa yeyote. Tulitumia 7z kwa majedwali peke yake, pamoja na chaguo la kuficha majina:

7z a -p -mhe=on majedwali.7z Majedwali

Usiandike nenosiri ndani ya amri yenyewe, maana litabaki katika historia ya terminali. Acha `-p` tupu na programu itakuuliza. Nenosiri tulilisoma kwa simu, halikutumwa pamoja na diski.

Kuhusu usafirishaji, hesabu ya bando ilitushinda mapema. Picha zile zote kwa intaneti ya simu zingegharimu zaidi ya diski mpya, na zaidi ya nauli ya mtu wa kuipeleka. Diski ilikwenda na mwenzetu kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na nakala ya pili ilibaki ofisini. Kwa kuwa mteja aliomba pia baadhi ya vifurushi kwenye flashi za FAT32, ambazo hazipokei faili inayofika gigabaiti nne, tulivikata vipande:

split -b 3900M kondoa.tar.gz kondoa.tar.gz.

Huunganishwa kwa `cat kondoa.tar.gz.* > kondoa.tar.gz`, au kwa `copy /b` upande wa Windows. Juu ya kila diski na flashi tuliweka faili iitwayo SOMA_KWANZA.txt, yenye amri za kufungua zilizoandikwa kamili ili zinakiliwe tu, pamoja na orodha ya alama za uhakiki zilizotolewa na `sha256sum`, ambazo hubadilika faili ikiharibika.

Dada aliyepokea mzigo Dar es Salaam alikagua vipande vyote kwa `certutil -hashfile`, kisha akapiga simu: kipande kimoja cha Kondoa hakikulingana. Flashi ilikuwa mbovu. Tulikituma kipande hicho peke yake kwa intaneti usiku, bando la usiku likiwa nafuu, na asubuhi alithibitisha kuwa kimelingana. Kuhusu vijiji vya Chemba ambavyo picha zake zilifunikwa, tuliviorodhesha kimoja kimoja katika hati ya makabidhiano, tukaeleza sababu, na kampuni ikakubali kurusha droni upya kwa gharama zake mvua zitakapokwisha. Mteja alitia saini kwa sharti hilo.